Picha ya Mbingu na Kuku wa Faradji

Kabambare, tarehe 9 mwezi wa nane, 2024

Kwa Yaya Salomon, Salamabila

Mpendwa yaya yangu,

Pokea salamu zangu za upendo na za heshima, salamu za mdogo kwa kaka yake mkubwa. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na wifi Louise na watoto. Je, lile jino lililokutesa wakati wa Pasaka limetulia? Na yule mtoto wako wa mwisho bado anakula udongo, au ameshaacha? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, maana kutoka Kasongo hadi hapa kwa pikipiki unajua mwenyewe jinsi mtu anavyofika akiwa nusu mtu nusu vumbi. Mama naye yupo. Goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyooka, na mdomo wake haujaugua hata siku moja.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani wakati simu zipo. Simu yako nimeipiga, yaya, inaita mpaka inachoka. Mwisho wifi Louise alipokea, akaniambia umekwenda machimboni kusikokuwa na mtandao, utarudi Mungu akijalia. Nilimshukuru. Lakini alipokuwa akiyasema hayo nilisikia nyuma yake mtu akikohoa, kile kikohozi kikavu cha marehemu Baba alichokurithisha wewe peke yako. Nilijiambia labda Salamabila yote siku hizi inakohoa hivyo.

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Tangu utoto nilikuwa nahesabu vipande vya nyama kabla Mama hajafunika sufuria, na ukiapa kwamba hukugusa, nilikuwa nanusa vidole vyako. Tabia hiyo haijaniacha. Hata kazi ninayoifanya leo, ukiitazama vizuri, ni kunusa vidole vya watu walio mbali sana.

Habari kubwa ya nyumbani ni kwamba tuna kuku. Si kuku wetu. Aliletwa na mtu anayeitwa Faradji, bwana mmoja mpole, mwenye shimo kubwa la dhahabu upande wa kwenu, ambaye sasa amepiga turubai lake karibu na kivuko, si mbali na hapa. Alikuja mchana kweupe na watu wake wawili, akamsalimu Mama vizuri hadi akamuulizia goti, kisha akaweka kuku mbele yake. Wewe unaijua desturi hii kuliko mimi. Anayetaka kuchimba kwenye shamba la watu huleta kuku. Nyumba ikimla, au ikila yai lake, imefungua udongo. Ikiwa haitaki, kuku hurudishwa akiwa hai kwa mkono wa mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Baba hayupo, na mtoto wa kiume ni wewe.

Shamba wanalolitaka ni lile la kushuka mtoni, lenye mihogo na karanga za Mama, na chini kabisa michikichi ambayo Baba aliipanda, mstari mmoja ulipozaliwa wewe na mstari mmoja nilipozaliwa mimi. Faradji alisema shimo la kwanza litaanzia penye michikichi. Mama alitaka kukataa palepale. Lakini Faradji akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amekuja kumaliza tu mazungumzo, kwa sababu mwanaume wa nyumba ameshakubali. Mama akaona aibu kubishana na wageni juu ya neno la mwanaume wa nyumba yake. Akampokea kuku, akamfunga kwenye nguzo ya jikoni. Walipoondoka akakaa chini akalia.

Sasa ubaya uko hapa. Kuku huyo ametaga, na jogoo wa jirani, kama unavyomjua, hana adabu. Kuku analalia mayai. Mama hathubutu kuyaondoa, kwa maana kuyatenga na kuku wake ni kama kuyala. Na yakianguliwa hapa nyumbani, watu watasema tumemfuga kuku na tumekubali kizazi chake, basi udongo ni wa Faradji. Faradji analijua hilo. Hana haraka. Kila akipita anauliza tu kama kuku hajambo.

Nilipomuuliza Mama kwa nini shamba letu, wakati hapajawahi kuonekana hata punje ya dhahabu pale, alinitazama vibaya. Akasema watu wote wanasema sababu ni mimi. Ndipo nilipojua maneno yanayozunguka hapa. Wanasema Sonia wa Mama Célestine amesomea mionzi, ile ya hospitali inayoonyesha mifupa, ambayo hapa wanaiita radio. Sokoni mama mmoja anayeuza chumvi aliniambia usoni, bila hata kushusha macho, "Weye ulipiga udongo radio, ukaona mifupa yake yote ya zahabu. Sasa unatuficha, sivyo?" Wengine wanasema kampuni ya wazungu imenilipa. Kuna waliosema hata ile sahani ya internet pale Kasongo ninapofundisha ni mtambo wa kunusa dhahabu.

Yaya, wewe nilikueleza kazi yangu wakati wa Pasaka, lakini acha niieleze tena kwa maandishi, uweze kumsomea mtu yeyote. Mionzi ni ileile ya hospitali, hapo hawakukosea. Lakini mimi siitumi popote. Naipokea, tena kutoka juu. Hewa yetu huizuia isifike chini, kwa hiyo darubini inayoiona iko nje ya hewa, inazunguka huko, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuzichunguza. Sasa, popote darubini hiyo inapogeukia, anga lote lina mwanga hafifu wa mionzi hiyo. Hakuna upande ulio giza kabisa. Ni kama nyumba iliyojaa moshi bila wewe kujua jiko liko wapi. Watu wameuliza kwa miaka mingi, moshi huu unatoka wapi?

Walipopata darubini zenye macho makali, waliona kwamba sehemu kubwa ya moshi si moshi. Ni nukta, nyingi mno, zilizo mbali mno, na kila nukta ni kundi zima la nyota lenye kitu katikati kinachomeza kila kinachokikaribia, na kinachomezwa huwaka kabla ya kupotea. Lakini ukishaondoa nukta zote, hubaki kidogo ambacho asili yake haijajulikana sawasawa. Kazi yangu ni hicho kidogo. Na kanuni ya kwanza aliyonifundisha mwalimu wangu wa Kinshasa ni kuondoa kwanza mwanga wa karibu, maana hata ujirani wa jua letu una gesi ya moto inayotoa mionzi hiyohiyo. Usipoiondoa, utamsingizia wa mbali kosa la wa nyumbani.

Kanuni hiyo naifundisha vizuri sana ubaoni. Katika jambo la kuku niliisahau.

Mtu wa kwanza niliyemshuku ni Djafari, mwendesha pikipiki aliyenileta kutoka Kasongo. Njiani mvua isiyo ya majira ilitukamata, tukajificha kwenye kibanda cha mtu. Nilifungua kompyuta nione kama maji hayakuingia, na Djafari akaiona picha ya anga, nukta za bluu na nyekundu na njano zimejaa. Aliuliza maswali mengi. Aliuliza kila rangi ni nini, na zile kubwa kama ndizo zenye mali zaidi. Wakati ule nilifurahi kupata mwanafunzi. Baada ya kusikia maneno ya sokoni, furaha ilinigeukia. Nikamfuata mpaka anapoegesha pikipiki, nikamwuliza mbele ya wenzake picha yangu kamuuzia nani. Alimaliza kwanza kufuta kiti cha pikipiki. Halafu akaniambia, "Mwalimu, miye natembea na watu na mizigo yao kila siku. Kama ningelikuwa mwizi, ungelifika hapa na kompyuta?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

Sikumwamini. Lakini nilihitaji pikipiki, na siku ile yake ndiyo iliyokuwa na mafuta. Nilikuwa nimeamua kumrudisha kuku mwenyewe. Ndiyo, yaya, najua, mwanamke akimrudisha inahesabiwa kwamba nyumba inapandisha bei. Hasira haikuniacha nifikirie. Mama alinifungia kuku kwenye kikapu pamoja na mayai yake, akinung'unika kwamba nakwenda kutuaibisha. Nikapanda nyuma ya mtu niliyemwita mwizi, kikapu mapajani, kuku akiniangalia njia nzima kwa jicho moja.

Faradji alinipokea kwa heshima hadi nikachukia zaidi. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaagiza chai. Nilipoweka kikapu chini alitabasamu, akasema amefurahi kuona nyumba yetu inajua thamani ya kitu, basi ataongeza na mbuzi. Nikamwambia hatutaki mbuzi, tunataka shamba. Akajibu kwamba maneno ya shamba ameshayamaliza na wenyewe. Ndipo nilipoinua macho. Picha yangu ilikuwa imening'inizwa kwenye turubai, imechapwa kubwa, imefunikwa plastiki. Anga langu, yaya! Na juu yake mtu alikuwa amechora kwa kalamu mto, na barabara, na njia ndogo ya kwenda nyumbani. Nukta moja kubwa, pembeni chini, ilizungushiwa duara jekundu.

Nilimweleza Faradji kwamba pale si Kabambare, wala si dunia. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai tena, akasema anaelewa kwamba mtu wa siri hawezi kusema siri yake. Kisha watu wake wakamrudisha kuku na mayai yake kwenye pikipiki, wakamfunga vizuri kuliko nilivyomfunga mimi. Tukarudi watatu kama tulivyokwenda. Tulipofika Djafari alikataa nauli.

Kitu kilichoniuma kwenye picha ile ni ile njia ndogo. Aliyeichora aliipitisha nyuma ya kwa mzee mfua vyuma, akavuka penye jiwe, akatokea kwenye michikichi. Njia hiyo imeota msitu tangu tukiwa wadogo. Ni sisi tuliopita humo kwenda kuoga tukimkimbia Mama. Djafari hawezi kuijua. Aliyechora ni mtu wa ndani ya nyumba yetu, na mwanaume wa nyumba aliyebaki hapa Kabambare ni mmoja tu, Baba mdogo Jean-Pierre. Tena alikuwa ameniomba nimwonyeshe kazi yangu nilipofika, nikamwonyesha kwenye kompyuta. Na tangu kuku aje, kila jioni anapita kuuliza kwa nini tunamwachia kuku mnono azeeke.

Basi nikamvaa Baba mdogo. Yaya, nilimkosea adabu, na nimekwisha kumwomba radhi kwa magoti. Nilimwambia ameuza mihogo ya mjane wa kaka yake. Alisema yeye ni mlafi, hilo hakatai, kuku anamtaka kwa sababu ni kuku. Lakini hajawahi kukanyaga kwa Faradji, na akaapa kwa kaburi la Baba. Kisha akaniomba nimwonyeshe tena picha, anionyeshe kwamba hata hajui shamba liko wapi humo. Nikafungua kompyuta kwa hasira, nimkomeshe.

Tukaitazama pamoja, kichwa kwa kichwa. Baba mdogo akaniuliza ile nukta kubwa niliyoisema, yenye duara, ni ipi. Nikapeleka kidole pembeni chini. Haikuwepo.

Nilidhani nimefungua picha siyo. Nikafungua nyingine, na nyingine. Mahali pale ni peusi tu. Baba mdogo alikuwa bado anaongea, mimi sikumsikia tena. Moyo ulikuwa umeshakumbuka kabla ya kichwa, na ulichokikumbuka sikukitaka. Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kumwangalia kuku.

Yaya Salomon, nimezunguka sana kabla ya kufika hapa, kwa sababu njia nzima nilikuwa naomba nikosee. Nukta ile haimo katika picha aliyoiona Djafari. Haimo katika picha niliyomwonyesha Baba mdogo. Ilikuwemo katika picha moja tu, ile ya kwanza kabisa niliyoitengeneza kabla ya Pasaka. Nilipoimaliza nilifurahi kama mtoto, hata mwalimu wangu sikumtumia kwanza. Niliituma kwenye simu ya mtu mmoja, niliyemtaka ajue kuliko wote kwamba dada yake amefanya kitu. Ukanijibu, "Mudogo wangu, Mungu akubariki. Ile kubwa ya huku chini, ni nini?" Nikakuandikia kwamba bado sijui, labda ndiyo bahati yangu.

Siku chache baadaye mwalimu aliniita kwenye simu akicheka. Aliniambia nigeuze darubini upande mwingine wa anga, yaani nichukue picha nyingine, na nyingine tena. Kila picha ina nukta ileile, pembe ileile. Kumbe ni kidonda katika kamera ya darubini, mahali palipoharibika panapong'aa penyewe bila kupokea chochote. Nikaifuta. Niliona aibu kukuambia kwamba bahati yangu ilikuwa uharibifu, nikanyamaza. Kama ningekuambia, labda leo kuku huyu angekuwa kwa wenyewe. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini njia ya kuoga umeichora wewe. Mwanaume wa nyumba aliyekubali ni wewe, na kikohozi kile kilikuwa chako. Sijui kama ulianza kwa kujisifu tu, maana najua unavyopenda kunisifu mbele ya watu, halafu Faradji akakuvuta mpaka ukashindwa kurudi. Au kama ulikaa chini ukaigeuza picha huku na huku mpaka ile kubwa ikaangukia kwenye michikichi ya Baba, kwa sababu shamba lingine la kutoa hukuwa nalo. Sitakuuliza. Nimelia vya kutosha, na nikikuuliza nitataka jibu.

Nakuambia hili tu, uwaambie na wao. Nukta zile nyingine zote ni za kweli, ziko huko mbali, hakuna jembe litakalozifikia. Lakini hiyo uliyowaonyesha wachimbe, yaya, hiyo haiko duniani, na mbinguni pia haiko.

Barua hii anakuletea Djafari. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomtukania mbele yao, akanisamehe, na amekubali kuileta Salamabila bila kuifungua. Jumatano anarudi huku, na kiti cha nyuma nimekukodia. Njoo. Upite kwa Faradji, useme kwa mdomo wako kwamba nyumba haikukubali, na umrudishe kuku kwa mkono wako. Mama hajui lolote kati ya haya niliyoyaandika, na kwangu hatayajua. Baba mdogo naye nimemwambia kompyuta iliharibika.

Wasalimie sana wifi Louise na watoto. Mwambie wifi simlaumu, mke humfichia mumewe. Baba mdogo anakusalimu, na majirani wanakuulizia. Mama anakusalimu kuliko wote. Kila jioni anamtupia kuku mchele, anachuchumaa karibu naye kwa lile goti bovu, na mimi namsikia kutoka ndani akimwambia, "Tulia, mama. Usiangue kwanza. Salomon wangu iko njiani, ndiye atakurudisha kwenu."

Leo asubuhi yai moja limeanza kupasuka.

Mdogo wako anayekupenda bado,

Sonia